Baba Karudi Salama, Kijana Kazidi Kuvuta: Kisa cha Familia ya Mwanajeshi, Tanga

Alipoletwa kwangu alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, na mama yake alishika barua ya shule: amesimamishwa wiki mbili kwa kukutwa na misokoto miwili ya bangi kwenye begi. Aliyekuwa akizungumza zaidi ni mjomba, fundi magari wa Makorora, ambaye alishaulizia bei ya nyumba ya upataji nafuu (wanakokaa waraibu wanaoacha dawa za kulevya) na alitaka niandike barua ya kumpeleka huko siku ileile. Mama alikaa pembeni, mkoba magotini. Swali lake la kwanza halikuhusu mtoto. Aliuliza kama nitakayoyaandika yatafika kambini kwa mume wake.

Kisa hiki nimekiunga kutoka familia zaidi ya moja nilizokaa nazo, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimekibadilisha. Kijana nitamwita Kaka, kwa sababu ndivyo wadogo zake wawili wa kike wanavyomwita nyumbani, na ukaka wake ndio uliobeba mambo yote haya. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaotoa unasihi, na kwa ajili ya akina mama wa kota na uswahilini ambao waume zao husafiri na jeshi. Tumezoea kuamini kwamba mtoto huharibika baba anapokuwa mbali. Kwa Kaka, hali ilikuwa mbaya zaidi baba alipofika nyumbani, mzima wa afya, na zawadi mkononi.

Familia ilikuja Tanga kwa uhamisho. Baba ni sajenti. Kaka alikuwa ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza, na mji huu ulikuwa wa tatu kwake tangu azaliwe. Walipanga Mwanzange, mama akafungua genge la mboga na mkaa, na baba akaanza kujenga kwenye kiwanja alichonunua Pongwe. Haikupita miezi mingi akapangiwa Kongo.

Kongo si safari ya kawaida kwa familia ya mwanajeshi wa Tanzania. Brigedi ambayo askari wetu walipelekwa iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 2098 la Machi 2013, na tangu mwanzo ilipewa ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha, tofauti na vikosi vingine vya kulinda amani. Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilivamiwa na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Kaka alikuwa shule ya msingi wakati huo. Anakumbuka majeneza yenye bendera kwenye televisheni, na mama yake akiinuka kuizima. Kwa hiyo baba aliposema anakwenda Kongo, mtoto alisikia Semuliki. Hakuna aliyemuuliza alisikia nini.

Usiku wa kuamkia safari baba alimwita sebuleni, akamkabidhi. Naliandika neno hilo kama alivyolitumia Kaka mwenyewe. Namba ya fundi, risiti za saruji, jinsi ya kununua umeme, ada za wadogo, nani anadai na nani anadaiwa. Kisha akamwambia: "Wewe ndiye baba wa nyumba hii mpaka nirudi." Mtoto alikuwa na miaka 14.

Na aliifanya kazi. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu barua ya shule haikulisema na mjomba hakulisema. Asubuhi aliwapakia wadogo zake kwenye baiskeli, mmoja mbele na mmoja nyuma, akawafikisha shule kabla ya kwenda yake. Jumamosi alipanda daladala kwenda Pongwe kumsimamia fundi. Pesa alizotuma baba kwa simu aliziandika zote kwenye daftari la hesabu, mstari kwa mstari. Mama alikuwa na genge na mawazo yake. Mambo ya ujenzi alimwachia mwanawe, kwa sababu baba ndivyo alivyoagiza.

Bangi aliipatia hukohuko Pongwe, kwa vibarua wa fundi. Mara ya kwanza, anasema, ilikuwa Jumamosi iliyofuata usiku ambao simu ya baba haikupatikana. Alivuta, akarudi nyumbani, akalala fofofo hadi asubuhi kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. "Aunti, nilikuwa sitafuti stimu. Nilikuwa natafuta usingizi." Kwa zaidi ya mwaka mzima ilikaa hapo: Jumamosi, msokoto mmoja, pengine miwili. Alama za shule zilishuka kidogo tu. Hakuna aliyejua.

Kisha baba akarudi. Pilau, majirani, picha. Wiki ileile akachukua funguo za stoo ya Pongwe, akahesabu mifuko ya saruji, akakuta haitoshi, akamfukuza fundi. Alimuuliza Kaka pesa zimekwenda wapi, akamuuliza mbele ya watu. Sehemu ya pesa hizo kweli ilikwenda kwenye bangi, Kaka hakunificha. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mambo ambayo baba hakuwepo kuyaona. Alfajiri ya siku iliyofuata baba alimtoa uani akamrusha kichurachura, kama anavyofanyiwa kuruta, wadogo zake wakichungulia dirishani. Kutoka siku hiyo bangi ikawa ya kila usiku, na pombe kali za chupa ndogo mwisho wa wiki. Ndani ya miezi mitatu akakamatwa shuleni.

Nilizungumza na Kaka peke yake kabla ya kumwahidi mtu yeyote chochote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi afike miaka 18, kwa hiyo wazazi wake wana sehemu yao. Lakini kijana anayejua kila neno litafika kwa baba hatasema neno. Nilimwekea mipaka waziwazi: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtu mzima akikuumiza, nitasema, na nitakwambia kwanza kabla sijasema. Mengine ni yako mpaka utakapoyatoa. Na mama nilimjibu swali lake: nisingepeleka taarifa kambini, na sikuwa na jalada lolote linalokwenda huko. Hofu hiyo naikuta kwa familia nyingi za askari. Wanaogopa kwamba tatizo la mtoto litamharibia baba safari ijayo au cheo, basi wanalificha hadi shule ilifichue.

Katika tathmini nilitumia maswali sita ya CRAFFT, yaliyotungwa Boston kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hadi 21. Yanauliza kama umepanda chombo kinachoendeshwa na mtu aliyelewa au wewe ukiwa umelewa (hapa kwetu nauliza bodaboda), kama unatumia ili utulie, kama unatumia ukiwa peke yako, kama umesahau uliyoyafanya, kama ndugu au marafiki wamekuambia upunguze, kama umeingia matatani. "Ndiyo" mbili zinatosha kumfanya mnasihi achimbe zaidi. Kaka alitoa nne. Ile ya kutumia peke yake ndiyo iliyonikalia moyoni.

Kuna swali moja haliko kwenye orodha hiyo na kwa Tanga siliachi: je, umewahi kuvuta ukaumwa? Mji wetu upo pwani, bandari bubu ni nyingi, na unga, yaani heroini, unapatikana kwenye maskani zilezile zinazouza bangi. Wapo wanaounyunyizia kwenye msokoto, wakauita kokteli. Kaka alifikiri kidogo, akasema kuna Jumamosi moja alipewa msokoto maskani, akatapika njia nzima, akajikuna pua na shingo usiku kucha, akalala hadi adhuhuri. Bangi peke yake haimpeleki mtu hivyo. Dalili hizo ni za heroini kwa mwili usioizoea, na akiwa na pombe kali tumboni angeweza kuacha kupumua usingizini. Nilimweleza bila kumtisha, kama ninavyoeleza hapa. Alikaa kimya muda mrefu. Hakurudi tena kwenye maskani ile, na sikuhitaji kumkataza.

Nyumbani kulikuwa na tiba tatu zinazogombana. Mjomba alitaka nyumba ya upataji nafuu. Naziheshimu nyumba hizo, nimeona watu wakirudi kutoka huko wakiwa hai. Lakini kumlaza mtoto wa miaka 16 anayevuta bangi pamoja na watu wazima walioishi na unga miaka kumi ni kumfungulia mlango ambao bado hajaufungua. Mjomba pia alikuwa amesikia habari za dawa inayonyweshwa hospitali ya Bombo, methadoni. Nikamweleza kwamba hiyo ni ya waraibu wa heroini na jamii yake, na haina kazi kwa mvuta bangi. Baba alitaka suluba, na baadaye JKT. Mama alishafanya kisomo na alitaka mambo yaishe kimya. Kisomo nilimwambia aendelee nacho, kwa sababu Kaka mwenyewe alisema usiku ule alijisikia mwepesi.

Baba hakuja mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja akiwa na sare, akakaa akiuangalia mlango, akaniambia kwa adabu kabisa: "Dada, huyu kakosa nidhamu kwa sababu sikuwepo." Sikubishana naye. Nilimpa karatasi na kalamu, nikampa mama, nikampa Kaka. Mbinu hii inatoka Marekani, kwenye mpango wa kuzisaidia familia za wanajeshi ulioanza kutumika huko mwaka 2008: kila mmoja achore mstari wa safari yake, tangu siku ya taarifa hadi leo, upande pale palipokuwa pagumu na ushuke palipokuwa pepesi. Kila mtu anachora peke yake. Kisha karatasi zinawekwa mezani, moja juu ya nyingine.

Mstari wa baba ulipanda alipofika Kongo, ukakaa juu, ukashuka siku aliyotua nyumbani, ukaenda bapa. Wa mama ulipanda kuondoka, ukashuka, ukapanda tena kidogo. Wa Kaka ulikuwa na vilima vidogovidogo mwaka mzima (simu zisizopatikana, aliandika chini yake), na siku ambayo mstari wa baba ulishuka, wa kwake ulipanda hadi ukatoka kwenye karatasi. Baba aliinama akaangalia. Akauliza: "Hapa ni nini?" Kaka akasema: "Uliporudi."

Wataalamu wa jeshi la Marekani waliandika mwaka 2001 kwamba safari ya mwanajeshi ina vipindi vitano kwa familia, na cha mwisho, cha baada ya kurudi, huchukua miezi mitatu hadi sita na kina ugumu wake, kwa sababu nyumba imejifunza kwenda bila yeye. Huko huko, utafiti wa wanafunzi wa California uliotoka 2013 ulionyesha kwamba kadiri mtu wa familia alivyopelekwa mara nyingi zaidi, ndivyo uwezekano wa kijana kutumia pombe na dawa ulivyozidi, na takwimu za wanafunzi wa Iowa zilizochapishwa mwaka huohuo zilikwenda upande huo. Ni Marekani, na familia za kule hazifanani na za Mwanzange. Lakini mchoro wa Kaka ulikaa mle.

Hapo ndipo nilipoona mambo yalipokatika. Jeshini hakuna anayeacha lindo bila makabidhiano, na anayepokea anasaini. Baba aliondoka kwa makabidhiano kamili. Aliporudi alichukua kila kitu bila makabidhiano. Alimnyang'anya mtoto cheo bila kumuuliza alilindaje, akamhukumu kwa upungufu wa saruji. Nilimwambia baba hivyo, kwa maneno hayohayo, kwa sababu ndiyo lugha anayoishi nayo. Aliinamisha kichwa. Akasema: "Kweli, sikupokea ripoti."

Kikao kilichofuata Kaka alikuja na daftari. Lilikuwa daftari kubwa la mistari, jalada limelainika, kona zimeliwa. Nilimwomba amkabidhi baba yake na nikatulia. Baba alilisoma kama anavyokagua kitu cha kazi, kidole kikishuka kwenye mstari. Saruji mifuko kumi. Fundi nusu. Umeme. Viatu vya mdogo wa mwisho. Dawa ya mama, kifua. Akasimama kwenye mstari mmoja: rambirambi kwa jirani, 5,000, jina la baba. "Hii ulitoa wewe?" Kaka akaitika: mzee wa nyumba ya pili alifariki, majirani wakapita na daftari la michango, akaona si vizuri jina la baba likose. Baba aligeuza kurasa hadi mwisho. Zile za bangi hazikuandikwa, na Kaka akazitaja mwenyewe, kwa kukadiria, macho yakiwa chini. Baba akafunga daftari, akasema: "Hesabu imekaa vizuri. Hiyo nyingine tutaizungumza." Mama alilia. Sijui kama kuna maneno ya sifa zaidi ya hayo ambayo sajenti yule angeweza kuyatoa siku ile, na mtoto alijua uzito wake.

Kazi ya bangi yenyewe tuliianza hapo. Mtu aliyevuta kila usiku akiacha, ndani ya siku moja hadi tatu anakuwa na hasira, hali chakula, usingizi unakimbia, na unapokuja unakuja na ndoto kali. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Wazazi wasiojua hili huiona hasira ile wakasema mtoto kazidi, na adhabu hurudi palepale anapoachia. Niliwaandalia wiki mbili za kusimamishwa shule ziwe ndizo wiki za kuacha. Simu ililala chumbani kwa mama. Asubuhi Kaka aliamshwa saa moja hata kama hakulala, akaenda Pongwe na baba kwa baiskeli, wakapiga lipu ukuta wa uani. Baba alimrudishia usimamizi wa ukuta ule peke yake, na bajeti yake, na daftari jipya. Chakula kidogo kidogo, uji saa nne, na usiku, ndoto zikimwamsha, ruhusa ya kukaa sebuleni na redio chini.

Jambo dogo lililosaidia kuliko nilivyotarajia ni namna ya kuuliza. Baba alizoea "kwa nini". Kutoka kwa baba mwenye sare, "kwa nini" ni shtaka, na mtoto hujibu "sijui". Tukakubaliana aulize "ilikuwa saa ngapi" na "ulikuwa na nani". Mwezi wa pili Kaka alivuta tena, Jumamosi moja baada ya mechi Mkwakwani. Akasema mwenyewe. Mama alinisimulia kwamba baba alitoka nje, akazunguka uani, akarudi akakaa. "Ilikuwa saa ngapi?" Saa moja usiku. "Ulikuwa na nani?" Akawataja. Kumbe ilikuwa ile saa ambayo zamani baba alikuwa akipiga simu kutoka Kongo. Tukaijaza saa hiyo: Jumamosi saa moja wanakula pamoja, hata kama Coastal Union wanacheza.

Na baba mwenyewe? Analala na taa ikiwaka. Mlango ukigongwa kwa nguvu anasimama kabla hajajua kwamba amesimama. Alianza kunywa usiku, kidogo, peke yake, akitafuta kilekile alichokuwa akitafuta mwanawe. Hilo Kaka alilijua muda mrefu kabla yangu. Nilimwomba baba aonane na daktari, naye alikataa kwa hofu ileile ya jalada, akakubali tu mama alipomwambia kwamba mtoto hawezi kuambiwa aache huku baba akiendelea. Anahudhuria. Yanayoongelewa huko ni yake.

Kaka sasa yuko kidato cha nne na amesajiliwa kwa mtihani. Mjomba bado anataka mkojo upimwe kila mwezi. Nimelipinga kwa sababu ya mwili wenyewe: bangi hukaa kwenye mafuta, na kwa aliyevuta kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha, hivyo kipimo kingemwita mwongo kijana anayesema kweli. Tulichokubaliana ni kwamba anaweza kupima yeye mwenyewe akitaka, na majibu hayatumiki kumwadhibu.

Kuna tetesi za uhamisho mwingine, na safari nyingine si jambo la kushangaza. Safari hii wameandika mapema, baba na mama kwa mkono wao. Pesa za ujenzi atashika mama, mjomba atasimamia mafundi. Kaka anabaki na wadogo zake asubuhi na daftari, basi. Simu isipopatikana, mama ndiye atakayewaambia watoto, usiku uleule, anachokijua na asichokijua. Baba akirudi, wiki ya kwanza hagusi kitu: anakaa, anasomewa daftari lote, anauliza, anasaini. Karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na Kaka ameomba iongezwe mstari mmoja, kwamba baba naye atoe ripoti yake.